Mto uliozikwa chini ya barabara: Jumamosi yangu Cheonggyecheon

Kimya changu kilikuwa cha shule tu, huku Seoul ratiba imebana na baridi nayo haina adabu. Wengi mmeniuliza habari za kimchi na za muziki wao, hizo tutazizungumza siku nyingine. Leo nawapeleka mtoni. Somo la historia ya mji tunalosoma muhula huu lilitutoa darasani Jumamosi iliyopita, tukatembea toka asubuhi mpaka jioni kando ya kijito kimoja katikati ya mji. Nikanyamaza nayo niliyoyaona nitakuwa nawanyima, hasa nyie wenzangu wa ualimu wa historia.

Kijito chenyewe kinaitwa Cheonggyecheon. Ulimi utazoea. Maana yake ni kama kijito cha bonde la maji safi, jina la kupendeza kweli, ila limeshika karne ya 20 wakati wa utawala wa Wajapani. Zamani watu walikiita Gaecheon, yaani mto uliochimbwa, na mimi naona jina hilo ndilo lenye ukweli. Ukoo wa Joseon ulipohamishia makao makuu hapa mwaka 1394, mji ulikuwa unaitwa Hanyang, nao umezungukwa na milima pande zote. Mvua ikinyesha, maji yote yanateremkia katikati. Mfalme Taejong akaamuru vijito vilivyokuwepo vichimbwe na kupanuliwa, na mwanawe Sejong (yule yule aliyewapa Wakorea herufi zao) akaendeleza kazi. Kwa hiyo toka mwanzo haikuwa bustani ya kupunga upepo. Ulikuwa mtaro mkuu wa mji, wa kupitisha mafuriko na kila uchafu ambao binadamu anaweza kuutupa.

Hivi sasa ni kilomita 5.8 za maji yanayotiririka chini ya usawa wa barabara. Unashuka ngazi, kelele za magari zinabaki juu, unakuta njia za kutembea kila upande, mawe ya kuvukia, majani, samaki, na wazee waliovua viatu wakichovya miguu. Tena maji yanakwenda mashariki wakati mto mkubwa wa mji, Han, unakwenda magharibi. Mwalimu wetu alilisema hilo mara tatu, nahisi litatoka kwenye mtihani.

Pale mwanzo kuna uwanja, na uwanjani kuna sanamu inayoitwa Spring. Fikiria kombe la konokono lililosimamishwa wima, la bluu na jekundu, urefu wa mita 20. Ni kazi ya Claes Oldenburg na mkewe Coosje van Bruggen, wakaiweka mwaka 2006. Oldenburg ndiye yule aliyekuwa akichukua vitu vya kawaida na kuvikuza kama majengo. Kule Philadelphia kuna kibanio chake cha nguo kirefu kama ghorofa. Wakorea wengi waliilalamikia sanamu hii tangu siku ya kwanza, kwamba ina uhusiano gani na mto wao. Mimi sina ugomvi nayo, rangi zake zinachangamsha. Ila ukiitazama sana unakosa kitu cha ajabu kilichoko hatua chache tu mbele.

Kitu hicho ni daraja la mawe, Gwangtonggyo, la mwaka 1410. Basi bwana, sikilizeni visa vya ikulu. Mfalme wa kwanza wa Joseon, Taejo, alikuwa na mke wa pili aliyempenda sana, malkia Sindeok. Mtoto mdogo wa malkia huyo akateuliwa kurithi kiti, wakati watoto wakubwa wa mke wa kwanza, waliopigana vita pamoja na baba yao, wameachwa wanatazama. Malkia akafariki mwaka 1396, mfalme akamjengea kaburi la fahari ndani ya mji. Miaka miwili baadaye mmoja wa wale wakubwa, Yi Bang-won, akamuua mrithi yule, ndugu yake wa baba, na hatimaye mwaka 1400 akakalia kiti yeye mwenyewe. Ndiye huyo Taejong niliyemtaja juu, mchimba mitaro. Baba yao alipofariki mwaka 1408, hapakuwa na wa kumzuia tena. Mwaka 1409 akaamuru kaburi la mama wa kambo litolewe mjini, na mwaka uliofuata, daraja la zamani lilipoharibiwa na mafuriko, mawe yaliyobaki ya kaburi yakatumika kujenga hili jipya. Mji mzima ukawa unapita juu ya mawe ya malkia, mchana na usiku.

Na hayo mawe yapo. Unaingia chini ya daraja unayaona, yamechongwa mawingu na watu wenye mavazi ya mbinguni, kazi safi ajabu, na mengine yamewekwa kichwa chini miguu juu. Kama mafundi walifanya makusudi au waliweka tu jiwe lilivyokaa vizuri, kila mtu darasani kwetu alikuwa na maneno yake. Mimi nasema mtu anayehamisha kaburi hasumbuki kuangalia juu na chini. Kinachonichekesha ni kwamba chuki hiyo ndiyo iliyoyahifadhi mawe. Yangebaki kaburini yangepigwa na jua na mvua miaka 600. Huku chini ya daraja, na baadaye gizani chini ya zege, yamekaa kama yamechongwa juzi. Walipolirudisha daraja ilibidi walisogeze kama mita 150 kutoka mahali pake, kwa sababu pale pa asili sasa ni njia panda yenye magari. Sasa wewe mwanafunzi wa historia niambie, hilo ni daraja la mwaka 1410 au la mwaka 2005?

Mbele ya hapo ukuta wa kingo umejaa mchoro wa vigae, zaidi ya mita 180, vigae 5,000 na ushei. Unaonyesha msafara wa mfalme Jeongjo wa mwaka 1795 akienda Hwaseong, eneo la Suwon ya leo, kusherehekea miaka 60 ya mama yake mzazi. Watu 1,779 na farasi 779, wote wamo, kila mmoja na kofia yake. Watoto wa shule walikuwa wakihesabu farasi na mwalimu wao amekata tamaa kuwanyamazisha (nikawakumbuka wa BTP). Ila ukijua historia ya familia hii hutatabasamu sana. Huko Hwaseong ndiko alikozikwa baba yake Jeongjo, mwanamfalme Sado, aliyefungiwa mwaka 1762 ndani ya sanduku la kuhifadhia mchele mpaka akafa, kwa amri ya baba yake mwenyewe, mfalme Yeongjo.

Na Yeongjo huyo huyo ndiye mtu wa mto huu kuliko wote. Kufikia wakati wake tope lilikuwa limepanda karibu na madaraja, mvua kidogo tu mji unaogelea. Mwaka 1760, miaka miwili kabla ya lile la sanduku, alikusanya watu wapatao 200,000, wengine wa kulazimishwa na wengine wa kulipwa ujira, wakazoa tope kwa siku 57. Tope likarundikwa mashariki mpaka likawa vilima, na juu ya vilima hivyo wakaja kuishi ombaomba wa mji. Hao ombaomba sikuwaona kwenye vigae.

Nimeanza kuuliza swali hilo toka hapo: nani yumo ukutani na nani hayumo.

Karne ya 20 nitaipitia mbio. Chini ya Wajapani, 1910 mpaka 1945, kijito kikawa mpaka, Wakorea wengi upande wa kaskazini, Wajapani kusini kwenye taa na barabara nzuri. Ikaja vita ya 1950 hadi 1953, wakimbizi wakamiminika, wakajenga vibanda vya mbao vilivyosimama kwa miguu ya miti juu ya maji yale yale waliyokuwa wakichota, wakifua na wakitupia taka. Dawa ya serikali ilikuwa kuufunika mto. Kazi ikaanza kwa nguvu mwaka 1958, zege juu ya maji, barabara juu ya zege. Kisha kuanzia 1967 wakajenga barabara nyingine ya magari ya kasi ikipita juu ya hiyo kwa nguzo. Ikawa fahari ya taifa, ikaingia mpaka kwenye picha za vitabu vya shule. Mto ukawa kimya chini, ghorofa mbili za magari juu.

Pembeni ya barabara hiyo ndipo lilipo soko la Pyeonghwa, maana yake Amani, kwa sababu wafanyabiashara wake wengi wa mwanzo walikuwa wakimbizi kutoka kaskazini. Chini maduka ya nguo, juu viwanda vya kushona. Ili kuongeza nafasi, chumba kimoja waligawa kwa kuweka sakafu ya mbao katikati, kikawa viwili, mtu mzima hawezi kusimama wima. Humo walikaa wasichana, wengine wa miaka 13, 14, wakishona saa 14 au zaidi kwa siku katika vumbi la vitambaa.

Mkata vitambaa mmoja katika viwanda hivyo aliitwa Jeon Tae-il, kijana wa mwaka 1948 kutoka Daegu, shule aliisoma kwa kudonoa kutokana na umaskini. Alikuwa akiwanunulia wale wadogo mikate kwa nauli yake ya basi, halafu yeye anarudi nyumbani kwa miguu, saa kadhaa za usiku. Siku moja akasikia kwa baba yake kwamba nchi ina sheria ya kazi, toka mwaka 1953! Saa nane kwa siku, na siku ya kupumzika kila wiki. Yaani yote aliyokuwa akiyaomba kama hisani yalikuwa tayari yameandikwa na Bunge miaka mingi iliyopita. Mama yake akakopa hela wakanunua kitabu cha sheria hiyo.

Hapa ndipo miguu ilipoishiwa nguvu, wadau. Kitabu kilikuwa kimejaa herufi za Kichina, ndivyo sheria zilivyoandikwa Korea wakati huo, na yeye herufi hizo hakuzisoma shuleni. Akawa anakaa nacho usiku, mstari kwa mstari, ukurasa mmoja unamla siku. Na lilikuwepo neno alilolirudia sana kwa watu wake, kwamba natamani ningekuwa na rafiki mmoja tu mwanafunzi wa chuo kikuu. Mmoja tu, wa kumsomea. Vyuo vilikuwepo, katika mji huo huo, wanafunzi wake wakiandamana kwa ajili ya demokrasia na mambo makubwa makubwa. Kwenda sokoni hakuna aliyekuwa amekwenda.

Akajifundisha mwenyewe. Mwaka 1969 akaunda chama na wenzake wakakiita Chama cha Wajinga, kwa sababu walikuwa wajinga kwa kutojua haki zao. Akaandika barua kwa wakaguzi wa kazi. Akatengeneza madodoso, naam, madodoso kama haya yanayotutoa jasho kwenye research methods, na mwaka 1970 akapata majibu ya watu 126. Watu 96 kati yao walikuwa na kifua kikuu au maradhi mengine ya kifua. Gazeti moja likachapisha habari hiyo mwezi Oktoba, ofisi zikaahidi, kisha zikanyamaza. Tarehe 13 Novemba 1970 yeye na wenzake walipanga kukichoma hadharani kitabu kile cha sheria, kwa kuwa hakikuwa na faida. Polisi wakawazuia. Jeon Tae-il akajimwagia mafuta, akajiwasha, akakimbia mtaani akipaza sauti kwamba sheria ifuatwe na kwamba wao si mashine. Akafariki usiku wa siku hiyo. Alikuwa na miaka 22.

Miaka 22. Sisi tuko mwaka wa pili tunalalamikia boom kuchelewa.

Baada ya hapo ndipo wanachuo walipokuja, wakaja kwa wingi. Wengine waliacha masomo wakaenda viwandani, wengine wakafungua madarasa ya usiku kwa wafanyakazi. Mmoja, Cho Young-rae, aliyekuja kuwa mwanasheria, aliandika maisha ya Jeon akiwa mafichoni, kitabu kikatoka mwaka 1983 bila jina la mwandishi. Jina lake liliwekwa baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 1990. Mama yake Jeon, Lee So-sun, akawa mama wa wafanyakazi wote mpaka alipoaga dunia mwaka 2011.

Leo kuna daraja lenye jina la Jeon Tae-il pale mbele ya soko, na sanamu yake ya shaba iliyowekwa mwaka 2005, nusu mwili, kama mtu anayechomoza toka kwenye sakafu ya daraja. Chini njiani vimepachikwa vibao vyenye majina na maneno ya watu waliochanga. Watu wamebeba marobota ya nguo wanampita bila kumtazama, nadhani angependa hivyo. Na mwaka 2019 likafunguliwa jumba la kumbukumbu yake huko juu zaidi kandokando ya mto. Ukuta wa mbele wa jumba lote ni maandishi ya mkono wake, ile barua aliyomwandikia mkaguzi wa kazi, imekuzwa ghorofa hadi ghorofa. Mwenzangu mmoja wa darasani, Mkorea, alisimama akanisomea taratibu na kunifafanulia, masaa ya kazi, umri wa wasichana. Watu wakapita, yeye anasoma tu.

Nikawaza kwetu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, ndiyo mwisho wa saa za kawaida. Iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 ndipo Bunge likapitisha kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili. Sasa dada anayekupikia chipsi pale getini, au yule anayekufulia, nani amewahi kukaa naye na kumwambia kuna saa 45? Sisi walimu watarajiwa tunaojua kudesa kurasa 200 kwa usiku mmoja.

Haya, mto ulitokaje tena? Lee Myung-bak, zamani bosi wa kampuni ya ujenzi ya Hyundai, aligombea umeya mwaka 2002 kwa ahadi ya kuufukua. Barabara ya juu ilikuwa imechakaa, ina hatari, na zaidi ya magari 160,000 yalikuwa yakipita hapo kwa siku. Watu wakasema mji utakwama. Wakaanza kubomoa Julai 2003, Oktoba mosi 2005 wakafungua. Miaka miwili na ushei! Mji haukukwama, joto la kandokando likashuka nyuzi kadhaa ukilinganisha na barabara za jirani, na Lee akaenda kuwa rais mwaka 2008 (na baadaye jela kwa rushwa, lakini hiyo ni stori nyingine).

Wasomi wa historia hawakufurahi wote. Mwandishi wa riwaya Park Kyung-ni, aliyekuwa miongoni mwa walioliunga mkono wazo hilo, alilalamika hadharani mwaka 2004 kwamba kazi imegeuka ujenzi tu. Maana maji haya unayoyaona hayatoki milimani. Mengi yake yanavutwa kwa pampu kutoka mto Han, yanapandishwa mpaka juu, yanaachiwa yashuke. Pampu zikizimwa, mto umekwisha.

Na kulikuwa na wamachinga. Wengi, wakiuza vitu vikuukuu, saa, redio, vyuma, chini ya kivuli cha ile barabara. Walipinga, wakaondolewa, mamia yao wakapelekwa ndani ya uwanja wa michezo wa Dongdaemun mwaka 2004. Hawajakaa sawa, uwanja nao ukabomolewa ili lijengwe jumba la maonyesho la Zaha Hadid, lililofunguliwa mwaka 2014, wakahamishwa tena. Nyie mlioshuhudia meza za machinga zikiondolewa Dar mwaka 2021 hamhitaji nifafanue. Wala sisemi mto ungebaki umefukiwa. Mto ni mzuri, mimi mwenyewe nimerudi mara mbili baada ya hapo. Nasema ningekuwa na sauti, ziara zote za wanafunzi zingeanzia darajani kwa Jeon Tae-il, ndipo watu wapande kwenda kwa wafalme, na lile kombe la konokono liwe la mwisho, la kupigia picha.

Tulimalizia mashariki, ambako wameacha nguzo tatu za ile barabara ya juu zimesimama majini, zege limekatwa vilevile, hazibebi kitu. Mwalimu alisema ziliachwa kama kumbukumbu. Mwenzetu mmoja akauliza kumbukumbu ya nini, ya barabara au ya walioishi chini yake, mwalimu akasema andika hilo kwenye ripoti yako.

Atakayebahatika kufika Seoul: shuka stesheni ya Gwanghwamun, uliza Cheonggye Plaza, hakuna kiingilio. Makumbusho ya mto yako huko mwisho na Jumatatu hufungwa. Vaa viatu vya kutembelea. Mimi nina hiyo ripoti, kurasa kumi, na inatakiwa Ijumaa.